Pua ya Mama Sahara

Jumatatu, 9 Oktoba

Filsan binti yangu anasema mdomo wangu hauna likizo, afadhali nimwage mengine kwenye karatasi masikio ya watu yapumzike. Haya. Naitwa Hinda, muuza maziwa ya ngamia soko la Garissa, na asiyenijua si mwenyeji, ni mpita njia. Shule niliishia darasa la sita, lakini dunia nimeisoma hadi chuo kikuu. Isili nimeuza nguo, Mombasa nimepika mahamri, Jeddah nimelea watoto wa tajiri mmoja ambao nasikia mpaka leo wakilia wanalia kwa sauti yangu. Kisomali ndicho nilichozaliwa nacho, lakini Kiswahili ndicho nilichochapwa viboko nikajua kukiandika, kwa hiyo nitaandika nacho.

Nyumbani tuko wanawake watatu. Kuna mama yangu, Sahara, ninayemwita hooyo kama Msomali yeyote anavyomwita mamake. Kuna mimi. Na kuna Filsan, aliyemaliza kidato cha nne na anangoja chuo. Wanaume niliwahi kuwa nao wawili. Mmoja alifariki, mwingine yuko Mandera na mke mpya. Mungu awarehemu wote.

Maziwa yangu ndiyo bora Garissa nzima. Hayo si majivuno, ni taarifa ya habari.

Alhamisi, 12 Oktoba

Joto. Hata ngamia wamechoka kuwa ngamia.

Jumapili, 15 Oktoba

Kwa asiyejua kazi yetu: maziwa ya ngamia yanatoka mbali, na njiani hakuna friji. Kinachoyalinda ni moshi. Kila alfajiri hooyo anaosha mitungi ya alumini, anawasha vijiti vya mareer, anavitia ndani vikiwa makaa, anafunika, anatikisa, anafunua, ananusa. Mareer ni mti wa huko kwetu kwenye malisho, kuni zake hazina hasira. Moshi wake ukiingia kwenye mtungi, maziwa yanakaa matamu mpaka jioni. Hooyo amefanya hivyo tangu akiwa msichana, huko Griftu, Wajir, mpaka ukame ulipomaliza ngamia wake nami nikaenda kumchukua. Siku hizi macho yana ukungu, mtoto wa jicho, daktari kasema angoje zamu ya kupasuliwa. Basi anafanya kazi yote kwa pua.

Leo amekuja mteja, mke wa afisa mmoja, akaonja, akafumba macho. "Hinda, mkono wako una baraka."

"Asante sana, dada," nikasema. "Nimezaliwa nao."

Hooyo alikuwa nyuma yangu, goti lake linagusa mgongo wangu. Kiswahili hajui sana, ila neno "mkono" analijua. 

Jioni Filsan akaniuliza, "Mathe, kwani ingekugharimu nini kusema ni ayeeyo?" Ayeeyo ndiyo bibi.

"Biashara ina jina moja," nikamwambia. "Ukiona gari lina madereva wawili, teremka."

Alicheka. Mimi pia nilicheka. Sasa naandika na sioni kilichotuchekesha.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mawingu upande wa mto. Khadro, jirani yangu wa kibanda cha pili, anasema ni vumbi tu. Khadro hata maziwa yake huyatilia shaka, na ana haki.

Jumapili, 22 Oktoba

Imenyesha! Mvua za deyr, vuli yetu, zimefika, alhamdulillahi. Watoto walikimbia uchi barabarani, na mimi nilitoka nikasimama na nguo zangu zote mpaka Filsan akaniambia nafanana na kitanda kilichosahauliwa nje. Hooyo alikaa mlangoni akivuta hewa. "Udongo mwekundu," akasema, "na kinyesi cha mbuzi, na mtu anakaanga vitunguu nyumba ya tatu." Nilichungulia. Ilikuwa nyumba ya tatu.

Ijumaa, 27 Oktoba

Nunow mwenye mkahawa anaoza binti yake Ijumaa ijayo. Amekuja mwenyewe kibandani, ndevu zimepakwa hina, akaagiza maziwa ya harusi yote kwangu. Wakwe wanatoka Liboi, watu wa ngamia, hawadanganyiki.

"Barabara ya Modogashe ikikatika?" akauliza. "Ndiko maziwa yenu na kuni zenu zinakotoka."

"Nunow," nikamwambia, na nilihakikisha Khadro anasikia, "hata barabara ya mbinguni ikikatika, Hinda atapata njia ya mkato. Sijawahi kukosa kitu katika mji huu."

Hooyo aliuliza tumeongea nini kirefu hivyo kwa Kiswahili. Nikamwambia. Akasema, "Maziwa yatapatikana, kuna zizi huku karibu. Mareer je?"

"Hooyo, niachie mimi."

Jumatatu, 30 Oktoba

Gari la Awil, anayetuletea maziwa na kuni, limekwama kwenye matope huko mbele ya Modogashe. Amepiga simu, sauti ya mtu aliyekalia maji. Maziwa ya harusi nimepata kwa wafugaji wa karibu, yataletwa kwa pikipiki. Mareer hakuna. Nimezunguka soko zima. Khadro anavyo vijiti kidogo, akaniambia, "Abaayo, njoo tugawane." Dada, njoo tugawane! Baada ya maneno niliyosema akisikia? Nikamwambia ninavyo tele.

Alhamisi, 2 Novemba

Nataka kuandika hii haraka kabla sijaipamba.

Jana nilinunua kuni za mathenge kwa mwenye mkokoteni wa punda. Mathenge kila mtu anaujua, ni ule mti wa miiba uliovamia mji, unaoozesha meno ya mbuzi. Kuchomea chai, sawa. Kufukizia maziwa, hakuna mwanamke wa kwetu angethubutu. Lakini nilijiambia moshi ni moshi. Nilimkalisha Filsan nyuma ya nyumba tukaondoa miiba na maganda, tukakatakata vijiti saizi ya mareer. Mtoto alikuwa akiniangalia. "Mathe, ayeeyo atajua." Nikamwambia ayeeyo haoni.

Alfajiri hooyo akawasha, kwa ajili ya mitungi ya kesho. Moshi ulipopanda tu akaondoa uso.

"Hii si mareer."

"Ni mareer, hooyo. Imelowa mvua."

"Mareer iliyolowa naijua. Hii inakwaruza."

"Hooyo, nimeitoa kwenye gari la Awil kwa mikono yangu hii miwili." Awil yuko Modogashe kwenye tope mpaka kiunoni, Mungu anisamehe.

 Kisha akageuza uso upande wa Filsan, kwa sababu yeye na huyo mtoto wana mambo yao, tangu siku ya kwanza alipofika hapa. "Filsan, hooyo," akamwita, maana kwetu mama humwita mtoto kwa jina lilelile analoitwa yeye. "Wewe una macho. Ni mareer?"

Filsan aliniangalia mimi. Niliinua nyusi tu, hivi.

"Ndiyo, ayeeyo," akasema. "Ni mareer."

Hooyo akafunika mtungi akaanza kutikisa.

Ijumaa, 3 Novemba

Harusi ya Nunow. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 4 Novemba

Lazima niandike, usingizi umenikataa.

Maziwa yaliwekwa mbele ya wakwe kabla ya chakula, kama adabu inavyotaka. Mzee wa Liboi akanywa, akashusha bakuli, akamwangalia Nunow kama anayeuliza kwa nini wamechukiana. Chungu. Chungu kama dawa. Na yale ya mitungi ya pili yalikuwa yameshaanza kukatika kabla hata ya adhuhuri. Wanawake jikoni wakamwaga mtungi baada ya mtungi kwenye mchanga. Nilikuwepo, nimevaa gauni langu la Jeddah.

Leo asubuhi Nunow alikuja kibandani. Nyuma yake wanawake wa soko wakajaa, Khadro mbele. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya. "Nani alifukiza mitungi hii, Hinda?"

Nilikuwa na majibu mawili, la kweli na la mdomo wangu. Mdomo wangu ni mwepesi, siku zote umenitoa taabuni. Polisi wa vizuizi vya barabarani wameucheka, mwajiri wa Jeddah aliucheka. Nikainua mikono juu nikasema, "Nunow, nisamehe, ni uzee. Mama yangu pua imekufa. Juzi nusura anifukize mimi akidhani ni mtungi!"

Wakacheka. Wallahi walicheka, hata Nunow midomo ilimcheza. Hasira ikashuka kama maziwa yanapotolewa motoni. Nami, kabla moyo haujafika, nilijisikia hodari.

Kisha Khadro akaacha kucheka, akaangalia nyuma yangu.

Hooyo alikuwa ameketi pale pale pa siku zote. Haya yote niliyasema kwa Kisomali, lugha yake. Alikuwa ameshika mfuniko wa mtungi. Aliuweka chini taratibu, akafuta mikono kwenye nguo, akasema kuwaambia watu, siyo mimi, "Mnisamehe. Sikujua imefika huko."

Mwanamke wa kwetu humtukani kwa sura wala kwa umasikini. Ukisema mitungi yake inaharibu maziwa, umemvua nguo sokoni. Najua hilo. Nilijua nikiwa nalisema.

Jumapili, 5 Novemba

Alfajiri nimeamka, hakuna moshi. Hooyo yuko kwenye mkeka, ameelekea ukuta. "Filsan afanye," alisema. "Ana macho." Filsan amefukiza akilia. Nilimwambia ni moshi. Akanijibu, "Ndiyo, mathe, ni moshi."

Jumatano, 8 Novemba

Nilidhani amekasirika. Ningependa awe amekasirika. Hasira nazijua, naziuzia maziwa kila siku.

Leo nimerudi mapema, nikamkuta jikoni peke yake. Amepanga vitu mbele yake: kipande cha sabuni, kitunguu, kitambaa cha mafuta ya taa, ubani, kandambili ya Filsan. Anachukua kimoja, ananusa, ananong'ona jina lake, kisha anakigusa kwa vidole kuhakikisha. Kitunguu alikinusa mara mbili. Alipohisi mimi mlangoni akavificha kwa ushungi, kama mtoto aliyeiba sukari.

"Hooyo, unafanya nini?"

"Siku ile," akasema, "niliponusa zile kuni, pua yangu iliniambia mathenge. Niliisikia wazi, kama ninavyokusikia wewe. Nyinyi wawili mkasema mareer, na nyinyi mnaona. Basi pua inaniambia vitu ambavyo havipo." Akakisogeza kitunguu kwangu. "Hiki ni kitunguu?"

Nikasema ni kitunguu.

"Nilidhani hivyo," akasema, kama mtu aliyepewa zawadi.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo huu, uliozungumza na nusu ya dunia. Nilimwambia nakwenda kununua majani ya chai.

Jumamosi, 11 Novemba

Mvua. Kesho nitamwambia.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua. Nilimkuta amelala.

Jumanne, 14 Novemba

Hakuwa amelala juzi, nilidanganya hapa pia.

Chai yake sasa anainywa bila maziwa. Sufuria ya maziwa ikiwa mekoni hakaribii. Na leo ametangaza: barabara ikifunguka anarudi Griftu kwa mdogo wake, mjomba Shuaib. "Huko nitachunga watoto," alisema. "Watoto hata kipofu anaweza, wanapiga kelele."

"Huko hakuna daktari wa macho, hooyo."

"Macho sikuyaulizia."

Basi la Wajir haliendi kwa sababu ya maji. Usiku niliswali nikaomba mvua izidi, barabara isifunguke. Mji mzima unaomba mvua iwe ya kiasi, mimi naomba ya kufunga njia ili nisilazimike kufungua mdomo.

Ijumaa, 17 Novemba

Mto Tana umepanda. Mashamba ya ndizi ya kando ya mto yamekwisha, watu wametoka na magodoro kichwani, wamelala kando ya lami. Nimewapelekea mitungi miwili ya maziwa bila malipo, na sufuria ya wali, na blanketi zangu, ile ya Jeddah ikiwemo. Mama mmoja akaniombea dua ndefu. Niliondoka kabla haijaisha. Najua mto haukupanda kwa dua ya muuza maziwa, sijawa mkubwa hivyo, hata mimi. Lakini niliomba. Nilisimama pale na viatu vimejaa maji nikijua nilichoomba.

Jumanne, 21 Novemba

Filsan ananijibu kwa neno moja moja, kama simu yenye salio dogo. Leo nikamshika mkono: "Una nini?"

"Ayeeyo ameniuliza kama nywele zangu zinanuka mafuta ya nazi."

"Si ndiyo unayopaka?"

"Ndiyo. Na alipouliza akasema, 'Niambie kweli, hooyo, wewe hujawahi kunidanganya.'" Akautoa mkono wake. "Nilikuwa sijawahi, mathe. Wewe ndiye uliyeniinulia nyusi."

Sikuwa na mzaha wowote wa kumpa. Nilitafuta.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimewaza siku nzima jinsi nilivyomleta hooyo kutoka Griftu. Nilimwambia kila mtu nimemuokoa. Kumbe kabla yake nilikuwa muuza maziwa wa kawaida, wa mwisho kwenye safu, maziwa yanachacha saa sita. Jina langu lilianza alfajiri aliyoshika mitungi. Sikuwahi hata kulihesabu hilo, nililiona kama jua linavyochomoza, jambo la haki yangu.

Jumapili, 26 Novemba

Wateja wanapungua. Filsan anafukiza kama anayezima moto.

Jumatano, 29 Novemba

Jua. Jua kali, la kunidhihaki. Wanasema wiki ijayo basi la Wajir litapita. Hooyo amefunga nguo zake. Furushi lenyewe dogo mno, ningelishika kwa kidole kimoja.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimemwambia.

Ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa, Filsan yupo. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye kupanda na kushuka. Nilipokaa mbele yake hotuba ikakimbia, nikasema tu, "Zilikuwa mathenge, hooyo. Nilizimenya maganda mwenyewe. Pua yako haina kasoro."

 Akauliza, "Filsan alijua?"

"Nilimlazimisha."

"Nimemuuliza yeye."

"Nilijua, ayeeyo," Filsan akasema, akaangukia magotini mwake. Hooyo aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto, akanusa nywele zake, kwa muda mrefu, kama anayesoma.

Nami nilingoja zamu yangu. Nilidhani kuna kofi au kuna kusamehewa, mojawapo.

"Wale wa sokoni umewaambia?"

"Bado."

"Basi umeniambia mimi ili ulale," akasema. "Mimi hapa chumbani hukuniua. Uliniua kule."

Jumamosi, 2 Desemba

Nilisimama mbele ya kibanda changu, nikawaita wote, Khadro, wenye mboga, wenye nyama ya ngamia, hata Nunow alikuwa anapita. Nikasema kila kitu, kuni, maganda, uongo. 

 Kisha mama mmoja wa mboga akafuta machozi. "Mashallah," akasema, "mabinti kama hawa wamebaki wangapi? Anajichafua mwenyewe amfunike mamake."

"Siyo hivyo! Ni kweli!"

"Tunajua, tunajua," wakasema, wakinipapasa mabega. Nunow akaniambia Mungu atanilipa. Khadro peke yake hakunigusa.

Miaka yote nimewauzia chumvi kwenye kila hadithi. Leo nimewaletea ukweli mtupu nao wameuonja wakakuta chumvi yangu. Nimerudi nyumbani nimesifiwa. Sijawahi kujisikia mchafu hivi.

Nilimsimulia hooyo. Aliguna, karibu kucheka. "Basi waonjeshe," akasema, akageukia ukuta.

Jumanne, 5 Desemba

Niliwaonjesha.

Nilipeleka sokoni gogo la mathenge lenye miiba yake yote, asije mtu akasema sijui nini. Nikapeleka mtungi uliooshwa, na maziwa mabichi ya asubuhi. Nikaketi chini katikati ya njia, ambapo hakuna aliyewahi kuniona nimeketi, nikapasua, nikawasha, nikafukiza. Moshi ulinikwaruza koo mpaka nikakohoa kama mbuzi. Sikujua kazi hii inavyochoma macho. Kila alfajiri ya Mungu amekuwa akiinamia haya, nami nimelala.

"Hinda amepata wazimu," mtu akasema.

Nilitia maziwa, nikatikisa, nikamimina. Kikombe cha kwanza nilikunywa mimi, chote. Cha pili nikampa Khadro. Akaonja, akatema mchangani, akafuta mdomo kwa ushungi.

"Ni yale," akasema. "Ni yale yale ya harusi."

Kikombe kikazunguka. Mmoja baada ya mwingine wakitema. Nunow aliletewa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akanirudishia kikombe bila kunitazama usoni. "Ningekusamehe kuni," akasema. "Mvua ilikuwa mvua. Lakini nilicheka, Hinda. Ulinifanya nimcheke mama wa watu mbele yake." Akaondoka, na oda zake za mkahawa zikaondoka naye.

Mama wa mboga aliyelia juzi akaniambia, "Ulimwacha akae wiki zote hizo akiamini?"

Ndiyo, nikasema. Sikuongeza kitu. Walingoja niongeze, wamenizoea. Walipoona hakuna, wakatawanyika.

Alhamisi, 7 Desemba

Basi la Wajir limefika salama jana na leo linarudi. Hooyo ameamka kabla ya adhana, ameshika furushi. Nilivaa viatu nimsindikize stendi. Filsan alikuwa tayari mlangoni, amemshika mkono, macho makavu. Walitoka wakakata kushoto. Stendi iko kulia.

"Hooyo, basi liko huku."

"Sipandi basi," akasema. "Nakwenda kazini."

Niliwafuata kama kondoo. Walikwenda moja kwa moja sokoni mpaka kibanda cha Khadro. Khadro alikuwa ameshatandika mkeka, mitungi imepangwa, na kando yake fungu la kuni. Hooyo akafungua furushi: nguo zake za kazi, kitambaa cha kushikia mtungi wa moto. Kumbe walishakubaliana tangu juzi. Mshahara na chai juu. Kulala atalala kwangu, alisema, kwa sababu ya Filsan na daktari wa macho.

"Hooyo," nikasema, nikiinama ili Khadro asisikie, na Khadro akijifanya hasikii, "kwangu pia kuna mitungi. Kosa nimelitaja mbele ya mji mzima. Nimeketi chini katikati ya njia."

"Nimesikia. Umefanya vizuri."

"Basi kwa nini kwa Khadro?"

Hakuwa na hasira. Alitafuta mkono wangu akaupata, akauminya, kisha akauachia. "Khadro nikimwambia kuni hizi si zenyewe, atazirudisha."

Jumatatu, 11 Desemba

Maziwa yangu yalichacha saa sita, kama zamani.

Alhamisi, 14 Desemba

Mvua zimekwisha. Filsan hulala na kuamka na bibi yake, anajifunza kunusa. Jana alinisalimia kwa sentensi nzima.

Asubuhi alikuja muuguzi, mgeni mjini, mtu wa Mwingi, ndiyo kwanza wiki yake ya pili. Akasimama mbele yangu: "Mama, nimeambiwa nitafute maziwa ya Hinda, eti hapa hakuna mengine. Ni wewe?"

Kisomali chote cha soko kikatulia. Khadro alikuwa anampimia mtu na akaacha kumimina. Nilikuwa na mtungi umejaa, na siku nzima mbele yangu.

"Hinda ni mimi," nikamwambia. "Lakini uliyoambiwa ni ya yule mama pale, aliyeinama. Anaitwa Sahara. Mkono ni wake, tangu mwanzo. Ni mama yangu."

Muuguzi akashukuru, akavuka. Hooyo hakuinua kichwa, sijui kama alinielewa, nilisema kwa Kiswahili. Alikuwa amepokea fungu jipya la kuni kutoka kwa Awil. Anachukua kijiti, anakipitisha chini ya pua, anakiweka kulia. Kingine, kulia. Kingine alikisimamisha hapo kidogo. Filsan alikuwa kando yake, Khadro nyuma yake, wote wenye macho. Hakumuuliza mtu. Akakitupa njiani.